Cheti pekee hakitoshi kuwakinga watoto na dawa zenye sumu

MZAZI anunuapo dawa ya kikohozi ya mtoto hana njia ya kujua kilichomo ndani ya chupa. Utamu, rangi na harufu havimwambii lolote. Huamini tu kwamba kuna aliyeipima dawa hiyo kabla haijafika dukani.

Nchini Gambia imani hiyo ilivunjika mwaka wa 2022. Vifo vya watoto wasiopungua 66, waliopatwa na maradhi ya figo, vilihusishwa na dawa za maji zilizoagizwa kutoka India. Mnamo Oktoba 5 mwaka huo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ilani kuhusu dawa nne za kampuni ya Maiden Pharmaceuticals, likisema vipimo vya maabara vilipata ndani yake daithilini glaikoli na ethilini glaikoli. Kampuni hiyo ilikana lawama, na baadaye serikali ya India ikasema sampuli ilizopima zilikuwa salama. Gambia, ambayo haikuwa na maabara yake ya kupima dawa, ilitegemea majibu kutoka ng'ambo.

Sumu hiyo si ngeni. Mwaka wa 1937 iliua zaidi ya watu 100 Marekani, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikapitisha sheria kali ya dawa. Hatari yake ni kwamba hufanana na glisirini, kimiminika halali cha kuyeyushia dawa, ilhali bei yake ni nafuu. Mlanguzi akibadilisha pipa moja tu, maelfu ya chupa huharibika.

Hata hivyo, kuitambua si jambo gumu. Katika kromatografia ya tabaka jembamba, tone la dawa hutiwa kwenye kibao kilichopakwa silika, kando ya tone la sumu yenyewe kwa ulinganisho. Kibao husimamishwa ndani ya kiyeyushi kidogo, nacho hupanda polepole kikibeba kila kemikali kwa mwendo wake. Kibao kikishatiwa dawa ya kuonyesha madoa, doa la sampuli likilingana na la sumu, shehena husimamishwa.

Mwaka wa 2023 WHO ilichapisha utaratibu wa hatua mbili: kwanza kipimo hicho rahisi, kisha kromatografia ya gesi kwa sampuli zinazotiliwa shaka, ili kujua kiwango kamili. Sumu haipaswi kuzidi asilimia 0.10.

Kenya ina nafuu. Maabara ya Kitaifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa, iliyoko Nairobi, ilipata ithibati ya WHO mwaka wa 2008. Lakini maabara moja, hata iwe bora namna gani, haiwezi kufungua kila shehena. Hapo ndipo kipimo rahisi kina thamani: kifanyike bandarini na viwandani, kwenye mapipa ya glisirini na kwenye dawa iliyokamilika, huku mashine ghali zikiachiwa kesi zenye utata.

Bila shaka upimaji una gharama, na waagizaji watalalamikia kucheleweshwa. Lakini cheti huandikwa na muuzaji, na yeye siye atakayemeza dawa. Taifa lisilojipimia dawa hugundua sumu wodini, wakati figo za watoto zimekwisha kuharibika.