Kasumba ya Tofaa la Kigeni

Mgeni anayeingia Tunduma kwa barabara kuu ya Tanzam hulakiwa na mambo mawili: foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na meza za wachuuzi zilizopangwa matofaa mekundu yanayong'aa, yaliyosafirishwa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Afrika Kusini. Kando ya meza hizo, chini juu ya gunia, yamemwagwa maparachichi ya Mbozi na ndizi za Ileje. Tunda la mgeni limepanguswa vumbi na kupewa kiti. Tunda la mwenyeji limeachwa likae chini.

Si kwamba ardhi ya Songwe ni ya ukame na ukiwa. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umejaliwa hali ya hewa ya kila namna. Nyanda za juu za Mbozi na Ileje hustawisha parachichi, ndizi na kahawa. Upande wa Kamsamba, katika bonde la Ziwa Rukwa, ni nchi ya joto, nchi ya embe na papai. Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, unaitwa kwa jina la mti wa matunda. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 3 wenye umri wa chini ya miaka 5 mkoani humo amedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, lakini ni aibu embe lioze chini ya mti huku mtoto wa jirani akishindia ugali mtupu.

Nani alaumiwe? Ni rahisi kumnyooshea kidole mchuuzi. Lakini mchuuzi huuza kinachonunuliwa, na anayekipa kitu hadhi ni mtu mwenye mshahara na elimu. Katika vikao vingi vya ofisi, juisi ya pakiti hupangwa mezani katika msimu uleule ambao maembe yanakosa mnunuzi. Mwalimu hufundisha darasani faida za papai, kisha jioni akienda kumjulia hali mgonjwa hununua matofaa, kana kwamba kumpelekea papai ni kumtukana. Kila Agosti, matunda ya mkoa hupambwa kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na viongozi huyasifu kwa maneno matamu. Maonyesho yakifungwa, sifa nazo hufungwa. Hii ndiyo kasumba, nayo haikuteremshwa pamoja na bendera ya mkoloni mwaka 1961.

Wapo watakaojitetea kwamba tunda la nyumbani halina ubora. Utetezi huo ni kweli nusu. Parachichi haliivii mtini. Huiva baada ya kuchumwa, na likichumwa changa husinyaa na kuwa gumu kama mpira. Walanguzi wenye haraka huyachuma machanga hayohayo. Embe nalo hupopolewa kwa mawe, likashindiliwa katika lumbesa na kufika sokoni limepondeka. Lakini hayo ni makosa ya mikono, si ya ardhi. Kungoja tunda likomae, kulikata pamoja na kikonyo chake, kuliweka kivulini na kulisafirisha katika kreti si elimu ya kuagizwa ng'ambo. Bwana shamba analipwa ili aifikishe kijijini, wala si kuifungia kabatini.

Ugomvi hapa si na mkulima wa Afrika Kusini, ambaye anajua thamani ya jasho lake. Aprili 2025, Serikali ilizuia kwa muda mfupi mazao ya kilimo ya nchi hiyo, kwa kuwa ndizi za Tanzania zilikuwa zimefungiwa mlango huko kwa miaka mingi. Hatua hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mtu atadaije ndizi yake ipokewe mezani kwa jirani, ilhali yeye mwenyewe haiweki mezani pake?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1972 huko Iringa Chama kikatamka kwamba siasa ni kilimo. Maazimio hayo hayakuandikwa ili yakaririwe katika mitihani. Kila shule ya Songwe yenye uwanja mtupu ipande miti ya matunda, na wanafunzi wale matunda yake. Kila ofisi ya umma iondoe pakiti mezani na kuweka tunda la msimu. Kila mtumishi aanze na kikapu chake mwenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na anayekidharau chake hufa maskini huku ghala lake limejaa.