UFUNDI WA KUBAHATISHA NI UNYONYAJI

Ndugu wanachama,

Leo tunasema wazi, bila kumung'unya maneno: fundi anayebadilisha vipuri bila kupima anatunyonya, na mwanachama anayemtetea anamshikia ngazi.

Pikapu ya ushirika ndiyo inayobeba kahawa yetu kwenda Mlowo, ndiyo inayoleta mbolea kutoka Tunduma, na usiku ndiyo hiyo hiyo inayokimbiza mgonjwa Vwawa. Msimu uliopita ilianza kutoa moshi mweusi, ikanywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, na taa ya injini ikawaka. Gereji moja ikachomeka mashine ya kusomea, namba ikatokea: P0118. Tukaambiwa, "Sensa ya joto imekufa." Ikanunuliwa mpya. Moshi ukabaki. Ikanunuliwa ya pili. Moshi ule ule! Fedha za nani hizo? Ni makato ya kilo zetu sote.

Tuelewane. Sensa hii siyo ile ya kuhesabu watu ya mwaka 2022. Ni kidude kidogo kilichofungwa kwenye injini, ncha yake imezama kwenye maji ya kupozea. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari joto limefika wapi. Injini ikiwa ya baridi, ukinzani wa umeme ndani yake ni mkubwa. Ikipata moto, ukinzani unashuka. Kompyuta inasoma hapo, halafu inaamua petroli imwagwe kiasi gani.

Sasa P0118 inasema nini? Haisemi "nunua sensa". Inasema umeme kwenye njia ya sensa hiyo umepanda kupita kiasi. Sensa iliyokufa inaleta namba hiyo. Waya uliokatika nao unaileta. Soketi iliyochomoka pia. Kwa kompyuta, njia iliyokatika ni kama baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Tunduma mwezi wa saba haijaiota! Basi inamwaga petroli kama vile injini iko kwenye barafu, na moshi unakuwa mweusi.

Kijana mmoja wa hapa kijijini akaazima maltimita. Akachomoa soketi, akafungua swichi bila kuwasha injini. Waya uliotakiwa kuwa na volti 5 haukuwa na kitu. Akaufuata, akaukuta umekatika ndani ya gamba lake, pale unaposuguana na chuma. Ukaungwa, namba ikafutwa, moshi ukaisha. Na ile sensa ya kwanza, iliyoitwa maiti, dereva alikuwa ameitunza. Ikatiwa kwenye sufuria ya maji: kwenye nyuzi 20 hivi ikasoma omu 2,400, maji yalipofika nyuzi 80 ikashuka hadi omu 300 na kitu. Hivyo ndivyo inavyosoma sensa nzima ya aina hii. Maiti gani huyo anayejibu akiulizwa?

Wapo watakaosema: "Sisi wakulima, mambo ya injini tuwaachie wenye gereji." Tunawauliza: kahawa yako ikifika ghalani, unakubali karani aikadirie kwa jicho? Hukubali! Unasimama mbele ya mzani mpaka utulie. Maltimita ni mzani wa umeme. Wengine eti kupima kunachelewesha kazi. Jamani, dakika chache za kupima na safari mbili za kufuata kipuri, kipi kinachelewesha?

Hatusemi sensa hazifi. Zinakufa, na ikifa ibadilishwe kwa utaratibu: injini ipoe kabisa, maana maji ya rejeta yakiwa moto yanaunguza, sensa isikazwe kupita kiasi, maji yajazwe na hewa itolewe, namba ifutwe, gari litembezwe, tuone kama namba hairudi.

Wala hatuwatukani mafundi wote. Barabara hii ya mpakani, inayopitisha malori ya Zambia na Kongo, ina mafundi wenye mikono ya dhahabu. Fundi wa kweli ukimwuliza "umepimaje?" hanuni, anakuonyesha.

Kwa hiyo tunadai mkutano mkuu upitishe haya:

1. Kipuri chochote cha umeme wa gari kisinunuliwe kabla kipimo hakijaandikwa kwenye daftari: kimepimwa nini, kimesoma ngapi.

2. Kipuri cha zamani kirudi ofisini, kikaguliwe na mwanachama yeyote.

3. Ushirika ununue maltimita yake, na vijana wawili, wa kiume na wa kike, wapelekwe VETA wakajifunze umeme wa magari.

Anayepinga asinong'one kilabuni. Aje mkutanoni aseme kwa nini kahawa ipimwe na injini ibahatishwe.

Ushirika ni nguvu. Kubahatisha ni hasara.