Sauti Nne na Neno Moja

Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba maneno ya kwaya si ushairi. Nilisema hivyo darasani, nikasema hivyo chuoni kwa walimu wanafunzi, na zaidi nilimwambia hivyo mwenzangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili kama mimi, ambaye jioni alifundisha kwaya huku Temeke. Yeye alicheka tu. "Mwalimu, njoo usikie kwanza." Mimi ni Mwislamu niliyelelewa kwa kasida na Barzanji, sikwenda.

Nilikwenda alipofariki.

Wanakwaya wake walisimama karibu na jeneza, vijana wa Tandika na Mbagala, wakiongozwa na binti aliyemfundisha mwenyewe. Nilitarajia wimbo wa maombolezo. Wakaimba Haleluya ya Handel, ile iliyomo katika Messiah aliyoitunga mwaka 1741. Kumbe marehemu ndiye aliyeusia hivyo.

Washairi wenzangu, litazameni neno lenyewe. Haleluya ni mizani minne, na katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye "lu". Handel ameivuta silabi ya kwanza, kisha akaishusha "lu" juu ya pigo lenye nguvu. Neno halikuumia popote. Baadaye sauti za juu zikashika maneno machache juu ya nota moja ndefu, zikapanda ngazi kwa ngazi, na sauti nyingine zikiwajibu kwa Haleluya kila hatua. Nilijikuta nimesimama. Karibu na tamati Handel ameweka kimya cha ghafla, wote wanakata pumzi pamoja kabla ya Haleluya ya mwisho. Katika kimya kile nilisikia kwikwi ya mjane, na nje honi ya daladala. Sijapata kukutana na kituo cha ubeti kilichonibana kifua namna ile.

Sisemi kwamba kila kwaya hufika hapo. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa huniudhi hadi leo, kwa sababu tuni ya kigeni hupewa maneno yetu kwa nguvu. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba "barabara" ya kupita magari si "barabara" ya sawasawa, na kinachozitenga ni mkazo peke yake. Mpe mtunzi asiyejali mkazo tuni nzuri, naye atakuimbisha njia mahali pa usahihi.

Lakini tumlaumu nani? Beethoven, bingwa wa ala, alipofika kilele cha Simfoni yake ya Tisa mwaka 1824 alikwenda kutafuta shairi, akalipata kwa Schiller. Sisi wenye arudhi tumekaa mbali na walimu wa kwaya, tukiwacheka, ilhali tenzi zetu zilitungwa ziimbwe, na Siti binti Saad hakupata sifa zake kwa karatasi. Mwenzangu aliniomba beti kwa miaka, nami nikamjibu kwa mihadhara juu ya guni.

Yule binti alinijia wiki mbili baadaye, akaniamkia, akaniomba ubeti mmoja wa kumkumbuka mwalimu wake, wa sauti nne. Nimeuandika mara tano. Ameurudisha mara mbili, kwa adabu kubwa: mizani imetimia, shikamoo tena mwalimu, lakini kwenye mstari wa tatu besi wanakwama. Jana usiku nilikaa barazani nikigonga meza kwa kidole, nikautafuta mkazo upya.