Ukurasa wa Mama: Madonge ya kuogea yaliyovimba

Mama mmoja wa Bukavu ametuandikia barua ya masikitiko. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, alipewa na mjomba wake fedha za madaftari. Yeye akanunua unga wa kutengenezea madonge ya kuogea, yale yatoayo povu na sauti yakitiwa majini, akitumaini kuyauza na kurudisha fedha pamoja na faida. Kwa usiku mmoja tu madonge yote 20 yalivimba na kupasuka. Mama anauliza: je, binti yangu aliuziwa unga mbovu?

Sidhani, mama mpenzi. Barua yako yasema kazi ilifanyika mwezi wa Novemba, siku ya mvua, jikoni, na sufuria ya maharagwe ikichemka karibu. Mharibifu ni mvuke.

Tazameni donge hili ni kitu gani. Ndani yake mna bikarbonati ya soda, ile tuitiayo katika mandazi, na asidi sitriki, unga mweupe wenye ukali wa limau. Vikiwa vikavu, vyakaa pamoja kwa amani. Vikiguswa na maji, vyashikana mara moja na kutoa hewa ya kaboni, ile ile iliyomo katika limonadi. Hapo ndipo alipopata fikira bibi Mo Constantine wa Uingereza, mwaka 1989: aliona jinsi kidonge cha Alka-Seltzer kinavyochemka katika bilauri, akataka kitu kama hicho kwa ajili ya kuoga. Basi donge ni kazi inayongoja maji. Likipata unyevu wa hewa usiku, huanza kazi kabla ya saa yake, polepole, nalo huvimba.

Kwa hiyo chagueni siku ya jua, na chumba kisicho na moto wala nguo mbichi. Kausheni bakuli, kijiko na mikono. Pimeni gramu 200 za bikarbonati, gramu 100 za asidi sitriki na gramu 50 za wanga wa mahindi. Asiye na mizani apime kwa kikombe kimoja: viwili, kimoja na nusu. Bikarbonati izidi daima, ili asidi yote imalizike majini isichome ngozi. Chekecheni pamoja, kisha tieni kijiko kimoja cha mafuta ya nazi au ya alizeti, na matone machache ya manukato mkipenda.

Sasa ndiyo hatua iliyomshinda binti yetu. Alitia nusu kikombe cha maji! Wengine hutia maji ya limau, wakifikiri ni asidi ile ile. Lakini maji ya limau ni maji. Tumieni alkoli ya duka la dawa, mbali kabisa na moto, mkiidondosha kidogo kidogo huku mkikoroga. Unga ukilia, mmezidisha. Fumbeni kiasi mkononi: kikishikana kama mchanga wenye unyevu, yatosha, ingawa kwa macho chaonekana kikavu bado. Shindilieni katika vikombe vidogo vya kahawa, pindueni juu ya karatasi, na msiguse kwa siku moja au mbili.

Yakishakauka kabisa, wekeni katika kopo lenye kifuniko. Lakini donge bichi lisifungiwe katika chupa, na watoto wasichezee unga huu kwa kuutia pamoja na maji katika chupa iliyofungwa. Gramu 100 za asidi zaweza kutoa karibu lita 38 za hewa. Chupa gani itaistahimili? Vumbi la asidi likiingia machoni, osheni kwa maji mengi safi bila kukawia.

Huenda wengine watasema: sisi hatuna bafu la Kizungu. Sioni kizuizi. Nusu ya donge katika beseni la maji ya vuguvugu hupendeza sana kwa miguu ya mtu aliyeshinda sokoni. Mtoto mchanga, na mwenye vidonda au upele, wasitumie.

Kuhusu yale madonge 20, mama, usiyatupe. Yavunje, yaanike unga wake, utumie vijiko viwili nyumbani kwa kila beseni. Povu litakuwa dogo tu. Ila binti asimwuzie mtu kama mapya. Na safari ijayo atengeneze matatu kwanza, ayaache usiku kucha juu ya kabati. Asubuhi yakiwa mazima, ndipo anunue unga wa mengine. Madaftari, nadhani, ni shauri la kuzungumza naye mjomba.