Kura ya Bevin na Makaa ya Mui

Lugha haisahau upesi. Jina la Kariokor mjini Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1917 John Ainsworth, aliyewahi kuwa mtawala Ukambani, alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya wapagazi hao kwa nguvu. Machifu wa Kitui na wa Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, walitakiwa kutoa watu. Chifu ndiye aliyeteua, na aghalabu mwenye jamaa barazani hakuwa wa kwanza kutwikwa mzigo. Maradhi na lishe duni viliwaua wengi kuliko risasi.

Waingereza hao hao, walipopungukiwa na wachimbaji wa makaa ya mawe mwaka wa 1943, walifanya vingine kwao. Waziri wa Kazi, Ernest Bevin, aliamuru kura ipigwe. Tarakimu ilitolewa kofiani, na kijana aliyeitwa vitani ambaye nambari yake ya usajili iliishia kwa tarakimu hiyo alipelekwa mgodini badala ya jeshini, awe mwana wa tajiri au wa kabwela. Kwanza alifunzwa kwa takriban wiki nne. Hadi mpango ulipokoma mwaka wa 1948, vijana wapatao 48,000 walikuwa wameupitia. Ulikuwa ulazimishaji, tena wenye manung'uniko mengi. Beji ya kuwatambua ilitolewa mwaka wa 2008, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Hata hivyo, aliyeangukiwa na kura alijua ilivyopigwa.

Suala la nani huteua halijazeeka katika bonde la Mui, Kitui, ambako mkataba wa kuchimba makaa ya mawe ulitiwa sahihi na kampuni ya Kichina mwaka wa 2013. Mjadala umekuwa wa fidia na kuhamishwa. Ajira hutajwa kana kwamba ni zawadi. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inamtaka mwenye leseni awe na mpango wa kuwaajiri na kuwafunza Wakenya, lakini haisemi ni nani atakayeshika kalamu kijijini. Makaa hayo yakichimbwa (na wapo wenyeji wasiotaka yachimbwe kamwe), majina yasiandikwe faraghani na chifu wala mwanasiasa. Orodha ya wanagenzi ibandikwe hadharani, iwe wazi pia kwa vijana wa Makueni, na asiyefunzwa usalama asiingizwe mgodini.