Pointi za Kukatwa

Kila wabunifu wa gemu wanapotaka kufyeka mti wa vipaji, huwa na kisingizio kimoja: wachezaji wenyewe wanaiga. Ati ukimpa mtu pointi 51 azigawe anavyotaka, hatazigawa. Ataingia mtandaoni, atafute mpangilio wa mtu aliyepiga hesabu, aunakili hadi pointi ya mwisho. Basi uchaguzi huo ni kiinimacho. Leteni shoka.

Hoja hii ndiyo iliyoangusha miti ya World of Warcraft mwaka 2012, na bado inatembea. Gemu yoyote ya aina hii ikifika siku ya kusuka upya miti yake, lazima kuna mtu ataitoa mfukoni na kuitandaza mezani kana kwamba ni habari mpya. Mimi siikubali, na nitaibomoa nikimtumia Paladin kwa sababu ndiye namjua ndani nje.

Kwa msee ambaye hajawahi kucheza: gemu hiyo ilitoka Novemba 2004. Unachagua mhusika wa aina fulani, tuseme Mage wa uchawi au Paladin, yule askari wa nuru mwenye deraya. Kuanzia levo ya 10 unapata pointi moja kila ukipanda levo, hadi levo ya 60. Unaziweka kwenye mti wenye sehemu tatu. Kwa Paladin, Holy ni ya kuponya wenzako, Protection ni ya kusimama mbele upigwe kwa niaba yao, na Retribution ni ya kushika upanga mkubwa na kupiga.

Sina nia ya kuulilia mti ule. Mti wa 2004 ulikuwa mwongo. Kipaji kinachoitwa Conviction kilimeza pointi tano, na kila pointi ilikuongezea asilimia moja ya nafasi ya kupiga pigo kali. Asilimia moja! Unapanda levo nzima, unaua nguruwe mwitu mpaka unaota nguruwe, halafu zawadi yako ni kitu ambacho macho hayawezi kukiona. Lakini huo ulikuwa uongo mdogo. Uongo mkubwa ulikuwa ile milango mitatu. Paladin wa Protection hakupewa uwezo wa kumlazimisha adui amgeukie yeye, jambo ambalo ndilo kazi yenyewe ya anayesimama mbele. Paladin wa Retribution naye akifika kwenye uvamizi wa watu 40, kiongozi anamwangalia mara moja tu: vaa kanzu, ponya watu, gawa baraka. Na baraka zenyewe, kabla hazijarekebishwa, zilikuwa zikiisha baada ya dakika tano, mtu mmoja mmoja. Ulikuwa unamaliza kubariki kikosi wakati umefika wa kuanza tena.

Mimi niliwahi kuingizwa kozi ambayo sikuiomba, na mwaka wa pili nikafunga virago nikatoka. Sasa nikiona mti ulioandikwa milango mitatu na mmoja tu ndio unafunguka, huwa siuoni kama mambo ya gemu peke yake. Mniwie radhi.

Hebu turudi kwa swali ambalo wenye shoka hawalipendi: nani aliyefunga ile milango? Chukua Mage. Mti wake ulikuwa na tawi la moto na tawi la barafu, yote mawili yamejaa vipaji. Halafu uvamizi mkubwa wa kwanza katika gemu, Molten Core, ulikuwa ndani ya mlima wa volkano, na viumbe wengi humo moto hawausikii. Kila Mage akawa wa barafu. Waliiga, ndiyo. Kwani wangefanya nini, wamchome ibilisi aliyezaliwa na makaa? Mti haukuwa na kosa hapo. Waliojenga mlima ndio waliokata tawi, kisha wakashangaa mbona hakuna anayelikalia.

Pia kulikuwa na bei. Kufuta pointi zako na kuzipanga upya kulianzia dhahabu 1, ikapanda kila ukirudia hadi 50, na enzi hizo dhahabu 50 ilikuwa jasho la siku kadhaa. Ukimtoza mtu kwa kila jaribio, usimcheke akiuliza njia kabla ya kutoka nyumbani.

Badala ya kugusa mlima au bei, wakaugusa mti. Mwaka 2010 waliufupisha: ukichagua njia moja levo ya 10, mingine inafungwa mpaka uweke pointi 31 kwenye hiyo yako. Mwaka 2012 wakaung'oa kabisa. Ukabaki na mistari sita, kila levo 15 unachagua kimoja kati ya vitatu. Nitakuwa muungwana niseme wazo lenyewe halikuwa bovu. Mstari wa kwanza wa Paladin ulikuwa na njia tatu za kukimbia haraka, na kweli hakuna hesabu iliyoweza kukuambia ipi ni bora kwako. Lakini kati ya uchaguzi mmoja na unaofuata kulikuwa na levo 14 za ukimya. Unapanda, unapanda, mti haukuambii hata asante.

Na unajua kilichotokea kwa wale waigaji? Waliendelea kuiga. Miongozo mtandaoni ilibadilika tu kutoka pointi 41 hadi vitufe sita: chukua cha kwanza, cha tatu, cha pili. Walikata mti kwa sababu ya ugonjwa, mti ukaenda, ugonjwa ukabaki. Daktari wa hivyo mtaani kwetu hangefungua duka la pili.

Oktoba 2022 miti ikarudi, na safari hii ilikuwa miwili kwa kila mchezaji. Mmoja ulikuwa wa aina yako ya mhusika, mwingine wa njia uliyochagua. Levo ya 70 ulikuwa na pointi 31 za wa kwanza na 30 za wa pili. Kubadilisha ni bure, ilmradi hauko vitani. Poa sana. Hata hivyo wakaongeza kitu kingine: mfuatano wa herufi unaobeba mti mzima. Unaunakili kwa mtu, unaubandika kwako, na pointi zote zinajipanga zenyewe kabla hujapepesa jicho. Nimeona watu wanaocheza kila siku, mikono hatari kabisa, na ukiwauliza kipaji fulani mtini mwao kinafanya nini wanabaki kukutolea macho.

Angalia jambo moja hapa. Bei imeondolewa, milango yote inafunguka, na bado watu wanaiga. Kwa hiyo sababu haikuwa mti, na bei pia haielezi yote. Sababu iko pale mlangoni. Unaomba kujiunga na kikundi cha kuingia pangoni, kiongozi anakukagua, mti wako uko uchi mbele yake. Ukiwa na pointi tatu mahali ambapo ule mpangilio wa mtandaoni hauna, anakuacha nje na kumchukua anayefuata. Hakuambii kitu. Sisi wa Nairobi tunacheza kwenye seva za Ulaya, mawimbi yanachelewa njiani, tayari tunaombaomba; hakuna mtu wa kwetu atakayefika pale mlangoni na mti wa ajabu. Tunaiga ili tuingie.

Nina mawili ya kudai, na yote yanawezekana.

La kwanza, acheni kutukata. Lay on Hands, ule uwezo wa Paladin kumrudisha mtu aliye chungu nzima kwa mguso mmoja, tulikuwa nao tangu 2004 bila kuulipia pointi hata moja. Mwaka 2022 ukawekwa mtini, tuununue. Rebuke, ya kumkatiza adui anapoanza uchawi, nayo iliwekwa mtini, na hakuna pango la maana ungeingia bila hiyo. Pointi ambayo huna namna ya kutoitoa si uchaguzi. Mwajiriwa yeyote Kenya akiangalia payslipu yake anajua tofauti ya kununua kitu na kukatwa. Kila kitu cha lazima kitoke mtini kirudishwe kwenye mwili wa mhusika, hata kama mti utabaki na pointi 20.

Zinazobaki ziguse vidole, si asilimia. Hili tayari wameshalifanya, ndiyo maana sikubali wakisema ni gumu. Machi 2023 waliusuka upya mti wa Retribution, miezi michache tu baada ya kuurudisha. Humo kuna nafasi moja ambapo unachagua kati ya vipaji viwili. Crusading Strikes inachukua pigo lako la kawaida na kulifanya lijirushe lenyewe, kwa hiyo unakuwa na kitufe kimoja pungufu. Templar Strikes inaligawa pigo hilohilo liwe mawili yanayofuatana, kwa hiyo unapata mdundo wa kuufuata. Bei ni ileile. Kipi ni bora? Inategemea mkono wako, uchovu wako, kama laptopu yako inapumua au inakohoa. Mtu anayepiga hesabu akiwa Ulaya hajui kidole changu kinapenda nini.

La pili litawaudhi viongozi wa vyama, na waudhike. Ficheni mti. Kiongozi anikague silaha, aone levo, aone mapango niliyomaliza. Mti wangu usionekane mpaka nitake mwenyewe. Najua jibu lao: jioni ya watu wengine iko hatarini, lazima wajue wanamwingiza nani. Sawa, jioni ya watu ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini baada ya kila pambano hesabu za mapigo ziko wazi, nani kapiga kiasi gani, nani alikuwa anatalii. Nikizembea, nifukuze. Hiyo ni haki yako kabisa, maze. Kunifukuza kabla sijainua upanga, kwa sababu ya matawi, hiyo ndiyo sikupi.

Mimi ni wa Templar Strikes. Najua ule mpangilio wako unasema nini. Niingize, tukatoke na kichwa cha mnyama wa kwanza, halafu ufungue hesabu tuongee.