Deni la Mwisho wa Mwaka

Mwisho wa mwaka umekaribia. Vitabu vitarudishwa kabatini, mlango wa darasa utafungwa, nanyi wanafunzi mtakwenda kwenu kwa likizo. Mtakutana na rafiki zenu, na ndugu zenu waliokaa mjini mwaka mzima watarudi nyumbani. Kutakuwa na chakula kizuri, na nguo mpya, na michezo. Mambo hayo yote ni mema, wala simkatazi mtu kufurahi. Lakini nataka kuwaambia neno moja juu ya siku hizo, nalo ni hili: kila mtu aliyelelewa na kijiji ana deni kwa kijiji chake, na mwisho wa mwaka ni wakati ufaao wa kulipa sehemu ya deni hilo, yeye pamoja na rafiki zake.

Labda mtastaajabu na kuuliza, "Deni gani? Sisi hatukukopa kitu kwa mtu." Haya, fikirini. Njia mnayopita asubuhi kwenda shuleni, ni nani aliyeilima? Chemchemi mnayochotea maji, ni nani aliyeizungushia mawe ili ng'ombe wasiichafue? Ulipokuwa mdogo ukapotea gulioni, ni nani aliyekushika mkono akakurudisha kwa mama yako? Wengi katika watu hao hamjui hata majina yao, na wengine wamekwisha kufa. Hawakuandika hati, wala hawaji mlangoni kudai. Lakini deni lisilodaiwa ni deni vile vile.

Nitawapa mfano wa nchi ya Kilimanjaro, maana huko ndiko nilikolelewa. Mito ya mlima ule hutoka juu msituni, nayo hupita katika mabonde marefu yenye kina, na nyumba za watu ziko juu ya migongo ya vilima. Maji yako chini, na watu wako juu. Basi wazee wa Kichagga wa zamani walifanya shauri. Walipanda mpaka mahali mto ulipo juu kuliko mashamba yao, wakauzuia kwa mawe na udongo, wakachimba mfereji ubavuni mwa kilima, ukishuka kidogo kidogo mpaka kufika kwenye migomba yao. Mfereji wa namna hiyo huitwa mfongo. Wageni wa Ulaya waliofika huko katika karne ya 19 waliistaajabia sana mifereji hiyo.

Lakini mfereji hauchimbwi mara moja ukaachwa. Mvua hubomoa kingo, majani huanguka, mawe huporomoka, na udongo hujaa ndani. Kwa hiyo ilikuwa desturi kila nyumba inayotumia maji kutoa mtu wa kufanya kazi siku ya kuusafisha, na asiyefika hutozwa faini au hunyimwa zamu yake ya maji. Kazi ya watu wote pamoja, kule Kilimanjaro na Upare, huitwa msaragambo. Siku hizi nyumba nyingi zina maji ya bomba, na baadhi ya mifereji imeachwa. Lakini mingine ingali ikinywesha mashamba. Mtoto anywaye maji yale, au alaye ndizi zilizonyweshwa nayo, anakula jasho la watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa.

Sasa nitawasimulia habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujisifu. Nalipokuwa katika darasa la sita, tulikuwa wavulana watano tuliopendana sana. Mwisho wa mwaka ule tuliazimia kumtendea wema bibi mmoja mjane, aliyekaa peke yake upande wa chini wa kijiji. Tulichanga fedha zetu chache, tukanunua sukari, na majani ya chai, na mche wa sabuni. Kisha tukaenda kwake tukiimba, na kila aliyetukuta njiani alitusifu.

Tulipofika tukasema, "Shikamoo, bibi."

Akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni." Akavipokea vitu vyetu kwa mikono miwili, akatubariki. Halafu akasema, "Ningependa kuwapikia chai mnywe, lakini mtungi wangu ni mtupu. Mfereji umezibwa na udongo huko juu tangu mvua za vuli, na maji hayanifikii. Nachota mtoni, na leo miguu imekataa kushuka. Mkipata nafasi, wajukuu zangu, nizibulieni mfereji."

Tukajibu sote kwa pamoja, "Tutakuja kesho, bibi." Wala hatukusema uongo, maana ndivyo tulivyokusudia. Lakini kesho yake mmoja alitumwa gulioni, na mwingine alipata wageni, nami nalikwenda kucheza mpira. Kila mmoja alidhani ya kuwa wenzake wamekwenda. Kisha sikukuu ikafika, na baada ya sikukuu tukasahau.

Hata juma la pili la Januari, shule ilipokuwa imekwisha kufunguliwa, tukasikia ya kwamba bibi yule aliteleza katika njia ya mtoni, ndoo ikiwa kichwani, akavunjika mkono. Tulikwenda kumtazama. Hakutulaumu hata kidogo. Alituelekeza kwenye rafu kwa mkono wake mzima, akasema, "Sukari yenu ingalipo." Nami nikaiona, imo katika karatasi yake, haijafunguliwa. Maneno yale yaliniuma kuliko fimbo.

Jumamosi ile tulichukua majembe, tukamwomba mzee aliyeuangalia mfereji atuonyeshe mahali palipoziba. Tulianza kazi asubuhi, na kabla ya adhuhuri maji yakapita. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku tu kwa watu watano! Mkono wa bibi ulipona, lakini haukunyooka tena sawasawa kama zamani. Na kila nalipouona nalikumbuka ile asubuhi niliyocheza mpira.

Katika habari hiyo nimejifunza mambo matatu, nami naona yanawafaa ninyi pia.

La kwanza, mwenye kulipa deni humwuliza mdai wake anadai nini. Sisi hatukumwuliza bibi. Tulimchagulia sisi wenyewe, tukamletea vitu tulivyovipenda sisi. Sukari ni kitu chema, lakini yeye alihitaji maji. Watu wengi hufanya kosa hili mwisho wa mwaka. Humpelekea maskini nguo zilizowachosha, au vitu walivyokuwa wakitaka kuvitupa, kisha hungoja washukuriwe. Huko si kulipa deni. Ni kusafisha kabati. Basi kabla hamjafanya lolote, nendeni mkaulize. Mwulizeni mama mgonjwa, mwulizeni mzee anayeangalia chemchemi, mwulizeni mwalimu wenu. Mkimwuliza mtu kwa heshima, hamtamfedhehesha.

La pili, mtoto asiye na fedha anazo nguvu na anao wakati. Wengine kati yenu watasema, "Sisi tu watoto, hatuna kitu cha kutoa." Wahenga walisema, Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Paa linalovuja, kuni zisizopasuliwa, ua ulioanguka, njia iliyomea majani hata nyoka hujificha ndani yake: mambo hayo hayangoji tajiri. Yangoja watu wenye mikono. Kazi nyingine zimewazidi watoto, kama kuingia katika maji ya kina au kupanda juu ya mti mkubwa. Hizo waachieni watu wazima. Lakini zilizobaki ni nyingi za kuwatosha.

La tatu, rafiki ni nguvu, lakini rafiki aweza kuwa maficho pia. Ni kweli kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Jiwe lile lililouziba mfereji nisingaliweza kulisogeza peke yangu, na kazi iliyofanywa kwa kuimba na kucheka haichoshi sana. Lakini tulipokuwa watano, kila mmoja alijificha nyuma ya wanne. Kama ningalikuwa peke yangu siku ile ya kutoa ahadi, labda ningalikwenda, maana ningalijua ya kuwa hakuna mwingine. Kwa hiyo nawashauri hivi: mkikubaliana kufanya kazi na rafiki zenu, tajeni siku, tajeni saa, na kila mtu apewe kazi yake kwa jina lake. "Tutakuja" ni neno jepesi sana. "Mimi nitaleta jembe Jumatano saa moja asubuhi" ni neno zito, tena laweza kushikwa.

Msidhani jambo hili ni la watoto tu. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru wa Tanganyika, uliopatikana mwaka 1961, na kwa desturi watu huiadhimisha kwa gwaride na nyimbo. Lakini mwaka 2015 Rais John Magufuli, aliyekuwa ameshika madaraka mwezi uliotangulia, aliagiza sherehe zile zisifanyike, bali watu wafanye usafi mahali wanapokaa. Mwaka ule ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeua watu katika Dar es Salaam na mikoa mingine, nao ni ugonjwa uenezwao kwa maji na chakula kilichochafuka. Rais mwenyewe alitoka siku ile akazoa takataka pamoja na watu wa mjini. Wengine walinung'unika kwa kukosa gwaride. Mimi nasema alifanya vema, kwa maana mtu hawezi kuisifu nchi yake kwa wimbo na huku mtaro wa mlangoni pake unaleta kifo.

Lakini tazameni: takataka hurudi. Mtaa uliofagiwa leo utachafuka kesho, na mfereji uliozibuliwa Desemba utaziba tena baada ya masika. Watu wa Rwanda wamelijua jambo hili. Kwao, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, watu wazima wenye nguvu hutoka asubuhi kufanya kazi ya pamoja, nayo huitwa umuganda. Hawangoji mwaka uishe.

Hapo mtu mwerevu ataniuliza, "Ikiwa ndivyo, kwa nini watwambia habari za mwisho wa mwaka? Si afadhali kutenda wema siku zote?" Swali lake ni jema, nami namjibu hivi. Mwisho wa mwaka si wema kuliko siku nyingine. Ila ndio wakati watu wanapokuwa pamoja. Mwanafunzi yuko nyumbani. Kaka aliyekwenda mjini amerudi, naye ana nguvu na pengine ana fedha kidogo. Mikono ni mingi kuliko wakati wowote mwingine. Tena, baada ya mvua za vuli huja jua kali la Januari na Februari, na maji yasiyotengenezewa njia yake mapema hutafutwa mbali. Mkulima mwenye akili hutengeneza jembe kabla ya siku ya kulima. Basi anzeni Desemba, lakini msiishie Desemba.

Mwingine atasema, "Likizo ni ya kupumzika, nasi tumechoka na masomo." Ni kweli mmechoka, nanyi mpumzike. Lakini likizo yenu ni ya siku nyingi, nami nawaombeni asubuhi moja au mbili tu. Mtu aliyepumzika majuma kadhaa asiweze kutoa asubuhi moja, huyo hakuchoka, amezoea kutumikiwa.

Nina onyo moja la mwisho. Siku hizi wako watu waendao kutoa msaada wakichukua picha nyingi: mwenye kutoa anacheka, na mwenye kupokea ameinamisha kichwa. Kisha picha zile huonyeshwa kwa watu wote. Ninyi msifanye hivyo. Mwenye kulipa deni hamwiti mpiga picha aje kumtazama akilipa. Tena yule mzee au mgonjwa ana heshima yake kama baba yako na mama yako. Hakukupa ruhusa ya kuuonyesha umaskini wake. Fanyeni kazi, iageni nyumba, mwende zenu. Njia iliyolimwa itajisemea yenyewe.

Basi, wanafunzi, mtakapofunga shule, kusanyikeni watatu, au wanne, au watano. Ulizeni ni nani aliye na shida karibu yenu, na shida yake ni ipi. Chagueni kazi moja ndogo mnayoweza kuimaliza, taja siku, kila mtu na chombo chake. Na Januari, mtakapokuwa mnakwenda shuleni mmevaa sare safi, piteni tena mahali pale mkatazame kama maji yangali yakipita. Kama hayapiti, mnajua la kufanya. Na kama kuna bibi aliyewaambia neno mkamjibu "kesho," nendeni leo.